MTG (Magic: The Gathering, mchezo wa kadi): Dreadmaw wangu kazuiwa na viumbe wawili, dameji inagawanywaje? Binamu kakataa matokeo

#1 KobeMzee (Dar es Salaam)
Wakuu salaam. Tangu jana usiku binamu yangu ananijibu kwa mkato, naomba mtuamulie.

Nimeshambulia na Colossal Dreadmaw, 6/6 (nguvu 6, uimara 6) mwenye kukanyaga, yaani dameji inayozidi ya kuua mabeki inampata mchezaji. Binamu amebaki na uhai 2. Kaweka mabeki wawili: Centaur Courser 3/3, yule nusu mtu nusu farasi, na Typhoid Rats 1/1, panya mwenye mguso wa kifo, yaani dameji yake hata moja inaua. Nikapiga hesabu palepale: tatu kwa farasi, moja kwa panya, zinabaki mbili, zinapita juu zinamkuta yeye. Mchezo umekwisha. Ndipo akatupa Giant Growth juu ya farasi, akawa 6/6.

Mimi nasema: alipozuia, farasi alikuwa na uimara 3, kwa hiyo deni langu kwa mabeki ni nne tu. Yeye anasema haipiti hata moja. Tena anaongeza kwamba farasi alikaa mbele ya panya kwenye mstari, kwa hiyo dameji zote sita ziishie kwa farasi, panya simgusi. Nani yuko sawa?

#2 LazaKadi (Mombasa)
Binamu yuko sawa. Pole sana.

#3 HesabuKwanza (Arusha)
Kila mmoja ana nusu ya haki, na nusu zenyewe hazifanani.

Hesabu ya kukanyaga haifungwi wakati wa kuzuia. Pambano lina hatua tano: mwanzo wa pambano, kutangaza washambuliaji, kutangaza wazuiaji, kutoa dameji, mwisho wa pambano. Giant Growth imetupwa ndani ya hatua ya tatu. Unapoingia ya nne unaitazama meza ilivyo dakika hiyo. Farasi sita, panya moja, jumla saba. Wewe una sita. Hakuna kinachopita. Hapo binamu kashinda.

Ila hilo la mstari limefutwa. Tangu Novemba 2024, pamoja na seti ya Foundations, hakuna tena kupanga mabeki foleni. Mshambuliaji anagawa dameji kwa wazuiaji apendavyo: sita zote kwa farasi, au moja kwa panya na tano kwa farasi, au hata tatu kwa tatu. Kwa hiyo panya ulikuwa na ruhusa ya kumuua.

#4 KobeMzee
Asante mkuu. Imeniuma lakini nimeelewa. Sasa nikimpa panya moja akafa, Dreadmaw wangu anapona?

#5 Simba_wa_Kadi (Dodoma)
Hatapona, mguso wa kifo unaua kabla ya kila kitu. Panya anauma kwanza, ndiyo maana watu wanamwogopa.

#6 HesabuKwanza
#5 jibu lako ni sahihi lakini sababu siyo. Mguso wa kifo hauna haraka yoyote. Dameji ya pambano inatoka kwa pamoja, ya huku na ya huko, kwa pigo moja. Panya anakufa, lakini meno yake yameshaingia, na yule mnyama anakufa dakika hiyohiyo. Anayepiga mapema ni yule mwenye pigo la kwanza au pigo mara mbili. Dreadmaw angekuwa na pigo la kwanza, angemuua panya kabla hajauma, na mguso wa kifo ungebaki kinywani.

#7 MtuWaFoleni (Nakuru)
Subirini kwanza. #3 umesema mstari umefutwa? Mimi nimejifunza hii kitu 2012 campus, na mstari ulikuwa ndio roho ya pambano. Ukizuiwa na wawili unatangaza huyu wa kwanza, huyu wa pili, na humgusi wa pili mpaka wa kwanza apate dameji ya kumuua. Nimecheza hivyo miaka zaidi ya kumi. Leo naambiwa haupo?

#8 HesabuKwanza
Haupo ndugu yangu. Ulizaliwa 2009 na sheria za Magic 2010, ukaondoka 2024. Fungua kitabu kikubwa cha sheria, sehemu ya 510, ndiyo ya hatua ya dameji. Kukanyaga kuko 702.19.

#9 LazaKadi
Ndiyo maana nilimpa binamu haki yote kule juu. Na mimi nilikuwa sijui kuhusu mstari. Nimejifunza.

#10 BabaSalim (Muscat)
Wanangu, naona mnabishana kuhusu mstari kana kwamba ndio sheria ya kwanza. Mimi nilianza kucheza 2001 nikiwa mwanafunzi Leicester. Sisi mstari hatukuujua. Tulikuwa na dameji kwenye rundo.

Iko hivi. Ukifika hatua ya dameji, unatangaza: sita kwa huyu, moja kwa yule. Dameji ile haiingii mwilini. Inakaa kwenye rundo kama uchawi uliotupwa, na wachezaji wote mnapata nafasi ya kujibu. Ukijibu kwa kumtoa kiumbe wako kafara, yeye kaenda makaburini lakini ngumi yake bado iko hewani, na itatua.

Mogg Fanatic ndiye aliyetufundisha wengi. Ni 1/1 wa mana moja nyekundu (mana ndiyo nguvu ya kulipia kadi), na unaweza kumtoa kafara ili apige dameji 1 popote. Anamzuia kiumbe 2/2. Unaweka dameji yake 1 kwenye rundo, halafu unamtoa kafara kwa 1 nyingine. Jumla mbili. Kibonge kimekufa kwa kadi ya mana moja. Leo hii lazima uchague: apige kwenye pambano au umtoe kafara. Mambo yote mawili hupati.

#11 Simba_wa_Kadi
Mzee hiyo kali. Kwa hiyo tangu mchezo uanze 1993 ilikuwa hivyo mpaka 2009?

#12 Mwamuzi_Baridi (Toronto)
Hapana. Rundo lenyewe lilikuja 1999 na sheria za toleo la sita. Kuanzia 1993 Richard Garfield alipoutoa mchezo mpaka hapo kulikuwa na utaratibu mwingine kabisa wa nani anajibu lini, na kadi fulani zilikuwa za kukatiza, zina kasi kuliko nyingine. 1999 wakasafisha vyote, na dameji ya pambano ikaingizwa kwenye rundo pamoja na uchawi. Ikakaa miaka kumi.

Nimesaidia uamuzi kwenye mashindano madogo huku kwa muda. Kwa yaliyonipitia, ugomvi mwingi wa mezani si wa watu kudanganya. Kila mmoja anacheza kwa sheria ya mwaka aliojifunza. BabaSalim ana 2001 kichwani, MtuWaFoleni ana 2012, KobeMzee amejifunza juzi. Wote watatu mkikaa meza moja, Dreadmaw mmoja ana maisha matatu.

#13 BabaSalim
Umesema kweli kabisa. Na Morphling je? Waliomwita Superman hawakukosea. Kwa mana moja unamwongeza nguvu na kumpunguza uimara, kwa mana nyingine unafanya kinyume. Siku hizo unamfanya 5/1, unaweka dameji tano kwenye rundo, halafu unamrudisha uimara kabla ya ngumi ya adui kutua. Anapiga kama tembo, anapokea kama ukuta. Nilimpenda kiumbe huyu kuliko kadi yoyote niliyopata kuishika.

#14 MtuWaFoleni
Sasa mbona waliondoa kitu kitamu hivyo 2009?

#15 LazaKadi
Nadhani ni wageni. Jaribu kumweleza mtu mpya kwamba kiumbe amekufa, yuko makaburini, na bado anapiga. Nilijaribu kumfundisha shemeji kwa kadi za zamani na kitabu cha zamani, akaniuliza "amekufa au hajafa?" Nikakosa jibu.

#16 Simba_wa_Kadi
Mimi nasema ni kompyuta. Kucheza mtandaoni ukisimamishwa kila dameji ikiwa hewani kunachosha. Wakaondoa ili programu iende haraka.

#17 Mwamuzi_Baridi
#16 hilo halisimami. Magic Online ilianza 2002 na ikaenda na dameji kwenye rundo miaka saba. Kompyuta ndiyo iliyokuwa inaimudu vizuri kuliko watu.

#18 BabaSalim
Maoni yangu: kila kiumbe mwenye uwezo wa kujitoa kafara alikuwa na thamani mbili kwa bei moja. Wabunifu wakitaka kuchapisha kiumbe wa namna hiyo walilazimika kumdhoofisha mapema. Kuondoa rundo kuliwapa uhuru. Lakini pia ujanja mzuri ulipungua, na hilo bado linaniuma.

#19 HesabuKwanza
Mzee, naomba nikupinge kidogo kwa heshima. Ujanja ulihama. Zamani hukuhitaji kufikiri: kila mara unaweka dameji, kisha unatoa kafara, jibu ni lilelile. Sasa unachagua kimoja, na kuchagua ndiko kunakoumiza kichwa.

#20 BabaSalim
Nimekusikia mwanangu. Sijakubali, lakini nimekusikia.

#21 Kete64 (Unguja)
Jamani mimi ni mtu wa bao, kadi nimeingia mwaka jana kupitia mpwa wangu. Hii ya KobeMzee kuhesabu deni wakati wa kuzuia inanikumbusha wanaojifunza bao. Anakamata kete, anatazama mashimo, anahesabu moyoni zitaishia wapi. Lakini anaposambaza anazunguka, na shimo analolifikia halina tena idadi aliyoiona mwanzo. Kete inafuata shimo lilivyo mkono unapofika. Dameji naona ni hivyohivyo.

Na kuna hili: kwenye bao ukiwa na mtaji lazima ule, huna hiari. Je, kukanyaga nako ni lazima? Nikitaka sita zote ziende kwa mabeki, naruhusiwa?

#22 HesabuKwanza
Umelisema vizuri kuliko mimi. Na jibu: kukanyaga si lazima. Ziada unaweza kuipitisha kwa mchezaji au kuiacha yote kwa mabeki. Lililo lazima ni kila beki apewe dameji ya kumuua kabla ya moja kupita juu.

#23 PanyaNaKifaru (Nairobi)
Hapo kwa "dameji ya kumuua" ndio kuna utamu sasa. Nina deki ya kijani na nyeusi. Mshambuliaji mkubwa mwenye kukanyaga, nampachika mguso wa kifo. Akizuiwa na wanne wa 5/5, hesabu si ishirini. Kwa mwenye mguso wa kifo, dameji moja tu inatosha kuhesabika ni ya kuua. Nne kwa mabeki wanne, zilizobaki zote zinaingia kwa mwenyewe. Msee wangu wa pale mtaani alikataa kucheza na mimi wiki nzima.

#24 KobeMzee
Kumbe hivyo viwili vinaungana? Basi Dreadmaw angekuwa na mguso wa kifo, moja kwa farasi hata akiwa 6/6, moja kwa panya, nne zinapita?

#25 PanyaNaKifaru
Ndiyo hivyo. Giant Growth yake ingekuwa imepotea bure.

#26 LazaKadi
Na beki asiyeharibika? Nina kiumbe 1/1 ambaye hawezi kuharibiwa. Niliambiwa kwamba kwa kuwa hafi, mkanyagaji lazima amalize dameji zote kwake.

#27 Simba_wa_Kadi
Hata mimi najua hivyo. Hafi, kwa hiyo hakuna dameji ya kumuua.

#28 Mwamuzi_Baridi
Hapana. Dameji ya kuua inapimwa kwa uimara na kwa dameji aliyokwishapata zamu hiyo, haiangaliwi kama atakufa kweli. Beki wako 1/1 asiyeharibika anapewa moja, nyingine zinapita. Vilevile beki mwenye ulinzi dhidi ya kijani akimzuia Dreadmaw, ambaye ni wa kijani: dameji itazuiliwa yote, lakini kwenye hesabu anapewa kiasi cha uimara wake, kisha ziada inapita. Na kama farasi alikuwa ameshapata dameji mbili mapema zamu hiyo, deni lake limepungua kwa mbili. Majeraha hayo yanafutika mwisho wa zamu, kwenye hatua ya kusafisha.

#29 LazaKadi
Miezi minane nimekuwa nikimzuia jirani kwa kiumbe huyo na kumwambia hapiti. Miezi minane. Leo jioni nampigia simu nimwombe radhi.

#30 PanyaNaKifaru
Mwambie akudai mechi zote 😂

#31 Duwelisti (Kampala)
Nimepita tu, mimi ni wa Yu-Gi-Oh!, mchezo mwingine wa kadi. Kwetu mambo ni mepesi: anayeshambulia na anayeshambuliwa wanalinganisha namba. Blue-Eyes ana 3000, Dark Magician 2500, Magician anaharibika na mwenye naye anapoteza tofauti, 500, kutoka kwenye 8000 zake. Wakilingana wanaharibika wote. Akiwa amelazwa kwa ulinzi, anaharibika lakini mwenyewe hapotezi kitu, ila kama mshambuliaji ana uwezo wa kutoboa. Hakuna kugawa, hakuna foleni, hakuna rundo.

#32 MtuWaFoleni
Mepesi? Mnakuwa na hatua ya dameji ambayo ndani yake ina vipande vingi, na kadi nyingi haziruhusiwi kutumika humo. Binti yangu alijaribu kunieleza nikamwomba tunywe chai kwanza.

#33 Duwelisti
Hapo umenishika 😄 Hatua ya dameji yetu ina wenyewe.

#34 Kete64
Na mpwa wangu mdogo anacheza Pokémon. Kule jeraha halifutiki mwisho wa zamu, linabaki kwa vibao vya kumi kumi mpaka atibiwe au azimie. Alipojaribu Magic alilia kuona adui aliyempiga mara tatu, zamu tatu, bado mzima.

#35 HesabuKwanza
Wakuu turudi kwenye mstari, maana swali la mwanzo bado lina mkia. Wengi wanadhani kuufuta 2024 ni kurahisisha tu. Mimi naona umehamisha nguvu. Chukua mfano: nashambulia na 5/5, unazuia na wawili wa 3/3. Sheria ya 2009: napanga foleni, A mbele, B nyuma. Nataka tatu kwa A, mbili kwa B. Wewe baada ya kuona foleni yangu unamtupia A Giant Growth, anakuwa 6/6. Dameji zangu tano zote zinakwama kwa A, hafi, na B hata vumbi halimpati. Sheria mpya: ukimkuza A, nageuka, nampa B tatu, anakufa. Mbinu ya mzuiaji imekatwa mguu.

#36 MtuWaFoleni
Hapo ndipo ninapolilia. Ule ulikuwa ufundi. Unamsoma mwenzako foleni yake, unajua anamchukia nani, unamwadhibu hapohapo.

#37 PanyaNaKifaru
Lakini ni haki kweli? Mshambuliaji anatangaza mipango yake mapema halafu mzuiaji anajibu akiwa anajua kila kitu. Mimi kama mshambuliaji nilikuwa naonewa.

#38 Simba_wa_Kadi
Haikuwa kuonewa. Mzuiaji amehatarisha viumbe wawili dhidi ya mmoja. Lazima apate kitu.

#39 Mwamuzi_Baridi
Kuna upande mwingine watu hawauongelei. Nina 4/4, nazuiwa na wawili wa 4/4. Kwa sheria ya foleni, wa pili haguswi mpaka wa kwanza apate nne. Naua mmoja, basi. Kwa sheria mpya nampa kila mmoja mbili. Hakuna anayekufa kwenye pambano, mabeki wanatabasamu. Halafu baada ya pambano natupa Pyroclasm, dameji mbili kwa kila kiumbe. Wote wawili chini. Kwa hiyo sheria haikuwa rahisi tu, imefungua mlango ambao kwa miaka kumi na tano ulifungwa. Kwa maoni yangu atakayefaidi zaidi ni mwenye deki ya kuchoma.

#40 BabaSalim
Mlango huo sisi tulikuwa nao! Enzi za rundo tuligawa tupendavyo vilevile. Kwa hiyo 2024 wamerudisha nusu ya 1999 na kuacha nusu. Ngumi iliyobaki hewani bado hawajaturudishia.

#41 LazaKadi
Mzee BabaSalim hatakata tamaa 😂

#42 BabaSalim
Sikati.

#43 HesabuKwanza
Mimi nadhani sababu kubwa ilikuwa kwamba foleni ilikuwa kazi ya kila pambano la mabeki wawili, hata pale ambapo hakuna mtu mwenye kadi ya kujibu. Unapanga, unatangaza, halafu hakuna kinachotokea. Arena, Magic ya kompyuta, ilikuwa inaniuliza nipange, nami nabonyeza tu bila kutazama.

#44 Simba_wa_Kadi
Basi ni kompyuta! Nilisema #16!

#45 Mwamuzi_Baridi
Safari hii sikupingi moja kwa moja. Lakini mezani nako watu walisahau kupanga mara nyingi kuliko walivyokumbuka, na ndipo ugomvi ulipoanzia. Kwangu hiyo ni sababu nzito kuliko Arena.

#46 MtuWaFoleni
Mimi bado naamini waliwapendelea wanaoshambulia ili mechi ziishe mapema.

#47 Msafiri_wa_Deki (Mwanza)
Nimesoma uzi wote. Naomba msaada kwenye mbili. Moja: nimeshambulia na kiumbe wa kawaida asiyekanyaga, akazuiwa, kisha beki akaondolewa mezani kabla ya dameji. Rafiki anasema sasa njia ni nyeupe napiga mwenyewe. Mbili: mwenye pigo mara mbili na kukanyaga, beki akifa kwa pigo la kwanza, la pili linaenda wapi?

#48 HesabuKwanza
Moja: ukizuiwa umezuiwa. Beki akitoweka, kiumbe wako anabaki katika hali ya kuzuiwa na hapigi mtu. Rafiki yako kakosea. Ila kama kiumbe anakanyaga na hakuna beki aliyebaki, dameji yote inakwenda kwa mchezaji.

Mbili: jibu linatokana na hilo la kwanza. Pigo mara mbili linaleta hatua mbili za dameji. Kwenye ya kwanza unampa beki cha kumuua, ziada inapita. Akifa, kwenye ya pili hakuna beki, yote inapita.

#49 PanyaNaKifaru
Na kuna wanaodhani ukimpa kiumbe pigo la kwanza baada ya hatua ya kwanza kupita, anakosa kupiga. Hakosi. Bado anapiga kwenye ya pili pamoja na wengine.

#50 Msafiri_wa_Deki
Asanteni sana. Na kunyonya uhai, yaani kupata uhai sawa na dameji anayopiga kiumbe wako? Niko na uhai 2, wananishambulia wawili wa 2/2. Namzuia mmoja kwa kiumbe wangu 2/2 wa kunyonya uhai, mwingine ananipiga mbili. Nimekufa?

#51 BabaSalim
Kabla ya 2009 umekufa, mwanangu. Uhai ulikuja baadaye kama jambo linalosubiri kwenye rundo, na wewe umeshafika sifuri. Nilipoteza mechi hivyo, nakumbuka mvua ilikuwa inanyesha.

#52 Mwamuzi_Baridi
Na kuanzia 2009 uko hai. Uhai unaingia pamoja na dameji yenyewe. Mbili zinatoka, mbili zinaingia, unabaki na 2.

#53 KobeMzee
Wakuu nimerudi. Nimempelekea binamu uzi huu. Amekubali la mstari, nami nimekubali la Giant Growth. Tukaipanga meza upya kama ilivyokuwa ili tuone ningegawaje. Nilipofunua kadi zangu za mkononi za jana, nilizokuwa nimeziacha juu ya kabati, nikakuta Unsummon.

#54 HesabuKwanza
Subiri. Unsummon, ile ya kumrudisha kiumbe mkononi mwa mwenyewe? Ya mana moja ya buluu?

#55 KobeMzee
Hiyohiyo. Sikuitumia kwa sababu nilidhani mbili zangu zimeshapita.

#56 Kete64
Yarabi.

#57 HesabuKwanza
Ungemrudisha farasi, kabla au baada ya Giant Growth, haijalishi. Anabaki panya peke yake. Moja kwa panya, tano zinapita, binamu ana uhai 2. Umeshinda. Lakini ungemrudisha panya ingekuwa kazi bure, maana farasi wa 6/6 anameza sita zote.

#58 KobeMzee
Ndicho nilichomwambia. Yeye anasema nilishasema "dameji", kwa hiyo nafasi ya kujibu imepita. Mimi nasema tulikuwa bado tunabishana, hatua ya dameji haikuwa imeanza.

#59 Mwamuzi_Baridi
Ulitamka "dameji" kabla ya Giant Growth au baada yake?

#60 KobeMzee
Kabla. Niliposema "dameji, mbili zinapita" ndipo akatupa Giant Growth.

#61 LazaKadi
Basi kama neno lako lilifunga hatua, na Giant Growth yake nayo ilichelewa!

#62 Mwamuzi_Baridi
Si lazima. Kutamka hatua ni kama kupendekeza twende huko. Mwenzako ana haki ya kusema "kabla hatujaenda, nina jibu." Na baada ya jibu lake kukamilika, nafasi inarudi kwako kwanza. Swali ni kama ulikubali kuendelea baada ya hapo.

#63 MtuWaFoleni
Walikuwa wanagombana. Kugombana si kukubali kuendelea.

#64 PanyaNaKifaru
Hapana bana, alikuwa anagombania dameji. Ukigombania mgawanyo wa dameji umeshaingia hatua ya dameji.

#65 HesabuKwanza
KobeMzee, Island yako, ardhi inayotoa mana ya buluu, ilikuwa imelazwa (imeshatumika) au imesimama?

#66 KobeMzee
Imesimama. Binamu mwenyewe anakumbuka.